Kutembea na kikundi vijijini Cotswolds: nyota nne kati ya tano

Kama shida yako ni picha tu za zile nyumba za mawe ya manjano manjano za Cotswolds, eneo la vilima na vijiji magharibi mwa London, huna haja ya kutembea na mtu yeyote. Panda treni stesheni ya Paddington, London, shuka Moreton-in-Marsh, kama saa moja na nusu na ushee hivi, chukua basi pale, ndani ya siku moja umeshapiga picha vijiji vitatu vinne na jioni uko zako London unakula. Wengi wanafanya hivo na sio vibaya. Mi nataka kuzungumzia ule mwendo wa katikati, kati ya kijiji na kijiji, mashambani huko, maana ndo sehemu ambayo mgeni akiwa peke yake hathubutu kupita na ndo iliyonifanya niwape hawa jamaa nyota nne.

Kikundi chenyewe ni cha watu wa kujitolea, jina sitalitaja maana nina ya kuwasema huko chini na sio watu wabaya hata kidogo. Kwa wasiojua, Uingereza vikundi vya namna hii viko kila kona. Chama kikubwa kinaitwa Ramblers, kipo tangu 1935, na hao wana utaratibu wa kumruhusu mgeni atembee nao mpaka mara tatu bure ndo wakuambie sasa jiunge au basi. Afu kuna vikundi vidogo vidogo vya mtaani, kuna na makampuni ya kulipia ambayo yanakuchukua na kibasi na kukupa chakula cha mchana. Mi nilikwenda na hawa wadogo, mchango wenyewe pauni chache tu, hela ya kawaida ambayo hata kahawa na keki hainunui vizuri. Wanatoa tangazo lenye tarehe, saa, mahali pa kukutana, umbali kwa maili (sahau kilomita kabisa, huku ni maili tu), na daraja la ugumu. Hilo daraja la ugumu tutarudi kwake.

Njia yetu ilianzia Stow-on-the-Wold, mji mdogo uliokaa juu ya kilima, tukashuka Lower Swell, tukakatiza mashamba mpaka Upper Slaughter, tukafuata mto mpaka Lower Slaughter, tukamalizia Bourton-on-the-Water. Kama maili 6, karibu kilomita 10. Kwenye karatasi unaona ah, kilomita 10 kitu gani, mtu natembea hivo nikiwa na shida ya daladala. Haya.

Kukutana ni pale uwanjani Stow, na kitu cha kwanza nikagundua mimi ndo kijana. Wengine wote wastaafu, mvi tupu, wana fimbo mbili mbili mkononi na buti zilizochakaa vizuri, yani buti ambazo ukiziangalia unajua huyu mtu kesho na keshokutwa pia anatembea. Kiongozi ni mzee mmoja mrefu, ramani ameining'iniza shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, akatuhesabu, akaandika, akamteua mama mmoja awe wa mwisho. Huyu wa mwisho kazi yake asiachwe mtu nyuma yake na kila geti tukipita alifunge kama tulivyolikuta, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumpita kwenda nyuma bila kumwambia, hata ukienda kujisaidia vichakani unasema. Nilipenda huo utaratibu. Hakuna kelele, hakuna filimbi, ila kila baada ya muda unaona mzee anageuka anatafuta kofia nyekundu ya yule mama kwa macho, akiiona anaendelea.

Kabla ya kutoka akatupitisha kwenye vichochoro vya Stow ambavyo ni vyembamba mno, mkipishana wawili mmoja anajibana ukutani. Akasema vilijengwa hivo makusudi enzi za biashara ya sufu, kondoo wanaoingia mnadani wanapita mmoja mmoja ili iwe rahisi kuwahesabu. Pia hapo Stow ndo pametokea pigano kubwa la mwisho la ile vita ya kwanza ya wenyewe kwa wenyewe, ya mfalme na bunge, Machi 1646. Na kanisani kuna mlango una miti miwili mikongwe imeota huku na huku imebana fremu, watu wamepanga foleni kupiga picha. Tulipita haraka, mzee hana mpango na foleni.

Sasa nije kwenye lenyewe. Tumetoka mjini, tumeshuka kidogo, njia ikatupeleka moja kwa moja pembeni ya nyumba ya mtu. Sio jirani na nyumba, nasema pembeni kabisa, kushoto ukuta wenye dirisha la jikoni naona mpaka masufuria, kulia tuta la maharage na kamba ya nguo. Nikasimama. Kwa malezi yangu mimi hapo unabisha hodi, unasubiri, unajieleza. Mzee akanionesha kigingi chenye mshale wa njano, akasema hii ni njia ya umma, ilikuwepo kabla ya mwenye nyumba na kabla ya baba yake, twende. Nikawa nasubiri mbwa atoke. Mbwa hakutoka. Alitoka mama mmoja na beseni la nguo, akasema tu asubuhi njema, hali ya hewa leo imetulia, akaendelea kuanika!

Ndo nikaanza kuelewa mfumo wao. Mshale wa njano ni njia ya miguu tu, wa bluu unaruhusu na farasi na baiskeli. England na Wales zina njia za hivi kama kilomita 225,000 hivi, zimechorwa kwenye ramani rasmi za halmashauri, na ardhi inabaki ya mwenyewe ila haki ya kupita ni yako, mradi usitoke nje ya njia. Mkulima akilima katikati ya njia inabidi airudishe ndani ya siku 14, na upana usipungue mita moja. Tulikuta shamba la ngano lina mstari mweupe umekatiza katikati moja kwa moja mpaka ng'ambo, ngano huku imefika magotini na huku imefika magotini, mstari peke yake umeachwa wazi. Mtu amelima shamba lake lote, akaacha ukanda kwa ajili ya watu asiowajua. Hapo nilisimama nikapiga picha kuliko hata kule kwenye nyumba za mawe.

Na usidhani walipewa kwa upole. Kuna babu mmoja tulikuwa tunatembea naye sambamba, mwalimu wa zamani, akanipa kisa cha Kinder Scout huko Derbyshire, Aprili 24, 1932, mamia ya vijana wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani walipanda mlima ambao matajiri walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege, wakapambana na walinzi, vijana watano wakafungwa jela. Kelele zile zikaendelea mpaka ikaja sheria ya 1949 iliyoanzisha hifadhi za taifa na kulazimisha njia ziandikwe kwenye ramani, afu ya 2000 ikaongeza haki ya kuzurura kwenye milima na nyika za wazi. Ila babu akasema kwa uchungu kabisa kwamba huko kuzurura kwenyewe ni kama asilimia 8 tu ya England, kwingine kote fuata mshale. Alikuwa anaongea huku anapanda kilima na pumzi haikati, mi nimeshaanza kuitikia kwa kichwa tu.

Uzio huko wanavuka kwa vingazi vya mbao, ubao mmoja umepita chini ya uzio, mwingine juu kidogo, unakanyaga, unapitisha mguu juu, unageuka, unashuka. Ukiangalia ni kitu cha mtoto. Kikilowa na tope la buti za watu waliotangulia ni habari nyingine, na kawaida pembeni yake kuna majani yanayowasha kama upupu, marefu, yanakusubiri hapo hapo unapotafuta pa kushika. Yakanipata kwenye kifundo cha mkono. Yule mama wa kofia nyekundu hata hakushangaa, akainama, akachuma jani pana la mmea mwingine ulioota hapo hapo, akalikunjakunja, akaniambia sugua. Nikasugua. Ukweli sijui ni jani au ni ule ubaridi wake au ni ile kuhudumiwa tu, ila muwasho ulitulia na mkono ukabaki kijani mpaka jioni. Vaeni mikono mirefu jamani, hata kukiwa na jua, na suruali ndefu.

Kuhusu ng'ombe, maana najua mtu ataniuliza. Wapo, na mnapita katikati ya shamba lao. Dume la ng'ombe wa maziwa lililozidi miezi 10 haliruhusiwi kwenye shamba lenye njia ya umma, ila dume la aina nyingine linaruhusiwa likiwa na majike wake, kwa hiyo msione dume mkadhani mkulima amevunja sheria. Kiongozi alituambia tusiwakatize ng'ombe na ndama wao, tuzunguke, tusikimbie. Kwenye kikundi kulikuwa na mtu na mbwa, akamshika kwa kamba fupi, na akasema ng'ombe wakimfuata mbwa unamwachia kamba unajiokoa, mbwa ana mbio kuliko wewe. Tulipita salama, ng'ombe wakatuangalia tu wanatafuna.

Vijiji vyenyewe sasa. Upper Slaughter ndo uliniingia. Ni kadogo, kimya, hakuna duka, kuna kivuko cha maji ya kina kifupi ambapo barabara inaingia mtoni na kutoka, watoto wanacheza humo. Tulikaa kwenye majani tukala sandwichi zetu. Hiki ni moja ya vijiji vichache sana England ambavyo watu wake wote waliokwenda Vita ya Kwanza walirudi hai, na Vita ya Pili vilevile wote wakarudi. Ukishatembea vijiji vingine ukaona kila penye njia panda kuna mnara wa mawe na majina, majina mengine ya ukoo mmoja yamerudiwa matatu manne, ndo unaelewa ukubwa wa jambo. Kama ungekuja na basi la utalii ungeambiwa hili kwenye spika. Sisi tuliambiwa baada ya kuwa tumepita Lower Swell kwa miguu na kuuona mnara wa kwao, kwa hiyo liligusa.

Kutoka hapo mpaka Lower Slaughter ni maili moja tu, tambarare, mnafuata mto Eye, kuna kinu cha zamani cha maji kina gurudumu na dohani la matofali mekundu ambalo halifanani na kitu chochote pale. Pazuri mno, na watu ndo wameanza kuwa wengi, kila daraja kuna mtu kaweka simu kwenye stendi anajirekodi anatembea.

Bourton-on-the-Water mi sijapapenda, nisamehewe. Mto Windrush umepita katikati, vidaraja vya mawe vya chini chini, nyasi, ni pazuri kweli, lakini wikendi ya jua ni kama wamehamishia London yote pale, aiskrimu, foleni ya choo, maegesho yamejaa, bata wamenenepa wamekuwa na kiburi. Kuna kijiji cha mfano cha tangu 1937, wamejenga Bourton yote kwa udogo wa moja ya tisa, na ndani ya hicho kijiji kidogo kuna kijiji kidogo zaidi. Watoto wataipenda. Kikundi kizima kilipofika hapo nyuso zilibadilika, hata wao wanafika Bourton kwa sababu ya basi na pabu tu, yani ile baa yao inayouza na chakula.

Pabu sasa. Msiogope pabu, hata kama hunywi. Nilikaa na chai yangu kwenye birika na hakuna aliyeuliza. Wenzangu wakavua buti zenye tope wakaziacha mlangoni, wakaingia na soksi kama wanaingia sebuleni kwao, mmoja alivalisha mifuko ya plastiki juu ya buti akaingia hivo hivo, na mwenye pabu hakuona ajabu. Samaki na chipsi kwangu ilifika pauni 18 na ushee, samaki mkubwa, chipsi nene, mbaazi zilizopondwa ambazo sina la kusema. Nyama halali usiitegemee kabisa maeneo haya, kula samaki au mboga, au beba chakula chako, na wengi kwenye kikundi wanabeba chao kwa hiyo hutaonekana mchoyo wala mgeni.

Ee na hilo la ugeni. Nilikuwa mweusi peke yangu. Sikubaguliwa, niseme wazi, walinikaribisha vizuri kuliko nilivyotegemea. Ila jiandae kujibu maswali, na swali la Kilimanjaro litakuja, na utakapojibu kwamba hujaupanda utaona mtu amesikitika kidogo kwa niaba yako, na baadaye utagundua yeye ameupanda, na atakueleza njia aliyopita kambi kwa kambi. Kama unataka kutembea na watu wanaofanana na wewe, kuna Black Girls Hike, kikundi cha wanawake weusi kilichoanza 2019, na kuna Muslim Hikers cha Waislamu, hawa wanapanga na mapumziko ya swala. Sijatembea nao kwa hiyo siwezi kuwapa nyota.

Nyota niliyoikata iko hapa. Tangazo lao liliandika matembezi mepesi. Wepesi kwa nani? Kutoka Lower Swell kuna kupanda ambako sio mlima lakini hakuishi, juu yake kuna tope zito la kunata, siku mbili kabla mvua ilinyesha, na wazee hawa hawapunguzi mwendo hata kidogo. Na mapumziko ni utani. Chai asubuhi dakika kumi, yani ile unafungua chupa, unamimina, unapuliza, mzee anaangalia saa. Wa mbele wakifika wanapumzika wakisubiri wa nyuma, wa nyuma wakifika wa mbele wanaondoka, kwa hiyo anayechoka zaidi ndo anayepumzika kidogo zaidi! Nilimwambia kiongozi kwa adabu, kwa sababu ni mtu mzima, akacheka, akasema umesema kweli, na kuanzia hapo akawa anasubiri kidogo. Lakini isiwe mpaka mgeni aseme. Waandike kwenye tangazo kwamba kuna tope na vilima, na waseme mwendo wao ni maili ngapi kwa saa, mtu ajipime mwenyewe nyumbani.

Kingine, sehemu ya kukutana wameandika kwa tarakimu za gridi ya ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huko. Wenyeji wanaelewa. Mgeni utabaki unaangalia zile herufi mbili na namba sita hujui ni simu au ni nini, inabidi uwatumie ujumbe kuuliza. Ila ukiwa na hela nunua ile ramani yenyewe, ya eneo hili ni Explorer OL45, sentimita 4 kwa kilomita, njia za miguu ziko kwa vistari vifupi vifupi vya kijani, mpaka uzio wa shamba unauona. Mtandao wa simu mabondeni unakatika kwa hiyo ramani ya kwenye simu ipakue kabla hujatoka.

Nani nisingempeleka: mtu mwenye magoti mabovu, maana vile vingazi vya mbao ni vingi na havina njia mbadala, mtoto mdogo wa kusukumwa kwenye kigari, na mtu mwenye haraka. Ukiwa na mama yako mzazi kaja kukutembelea mpeleke Lower Slaughter na Upper Slaughter tu, kwenda na kurudi kwa ule mto, bila kikundi, atafurahi na hatalala na miguu inauma. Viatu ni buti zenye soli ya meno, raba nyeupe acha London. Jaketi la mvua hata kama anga ni bluu.

Gharama kubwa ni treni, kikundi sio tatizo. Kata tiketi mapema, epuka asubuhi ya siku za kazi, na mkiwa watatu hadi tisa kuna punguzo la theluthi moja kwa tiketi za nje ya saa za msongamano, kwa hiyo tafuta wenzako wawili. Nauli ya basi England ina kikomo cha pauni 3 kwa safari moja tangu Januari 2025, kwenye mabasi yaliyojiunga na mpango huo, basi la 801 ndo linalopita Moreton, Stow na Bourton. Jumapili mabasi yanapungua, angalia ratiba ya kurudi kabla hujatoka nyumbani, maana kikundi kikishamaliza chai yao pale pabu kila mtu anaingia kwenye gari lake na teksi kule sio kitu cha kupunga mkono barabarani.